Lenzi Niliyoisaga Mwenyewe

Delft, 3 Mei 1683

Kaka Joost,

Natumaini joto la Batavia halijakuchosha. Sisi hatujambo, ila mfereji unanuka tangu Pasaka.

Jana profesa kutoka Leiden alikuja karakanani, akachungulia tone la maji kwa lenzi yetu, akaona vidudu vikiogelea. Akamwambia baba, "Mzee, mikono yako haina mfano."

"Hiyo kaisaga binti yangu," baba akajibu. "Mimi sioni tangu majira ya baridi."

Alitukataza kukuandikia hilo.

Profesa akanivulia kofia, akaniomba niandike jina langu kwenye mchoro aliouchora wa vidudu hivyo. Nikaliandika kwa herufi kubwa. Baba akalipapasa, akajipaka wino kidoleni, na mpaka sasa amekataa kunawa.

Dada yako,
Machteld