Vifuniko vya Besi ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe, wifi na watoto mnaendelea vizuri, na kwamba mgongo wako siku hizi unakuruhusu kulala. Huku sisi ni wazima. Nimeliandika hilo neno, kisha nikalitazama sana, maana kwa upande wangu ni kweli, ila kwa upande wa baba sijui kama nina haki ya kulisema. Ndiyo sababu nimeamua kuandika. Kwenye simu wewe hukawii kunikatiza, nami sikawii kuwaka, mwisho mmoja wetu anakata na jambo linabaki palepale. Karatasi huwezi kuikatiza. Soma yote kwanza, ndipo ukasirike.

Uliniuliza swali moja: baba ameanza kupotewa na akili, ndiyo au siyo? Ukasema kama ni ndiyo, mwisho wa mwezi unakuja kumchukua akae kwako na nyumba tuifunge. Nilikuomba unipe muda. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na mpaka sasa kila nikidhani nimelishika linaniponyoka.

Nianze mwanzo, maana kwenye simu nilikueleza nusunusu. Unalikumbuka gitaa la besi la baba, na vile vifuniko vyake viwili vya chuma cha kung'aa: kimoja katikati, juu ya kile kidude chenye sumaku kinachonasa mlio wa nyuzi, kingine kule mwisho, pale nyuzi zinapofungwa. Wapiga besi wenzake wote walivifungua vyao zamani, wakidai vinawabana mkono. Yupo hata mmoja aliyekigeuza chake kuwa kisahani cha majivu ya sigara, na baba hajamsamehe hadi leo. Yeye vyake hakuwahi kuvigusa. Tulipokuwa wadogo tuliruhusiwa kujitazama sura kwenye kile cha mwisho, tukiona pua zetu zimevimba, lakini ukikishika tu, kofi.

Basi juzijuzi mikono yake ilipata nafuu, akasema anataka kupiga tena. Wenzake wa bendi waliobaki huja Jumamosi mchana kukaa naye sebuleni, na alichoka kuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa tu. Akaniomba nilisafishe gitaa, maana skrubu zilikuwa zimeshika kutu na vifuniko vimefifia. Nilifurahi mno. Tangu nianze kazi ya mafriji hakuwahi kuniomba nitengeneze kitu chake. Kwake fundi wa kweli ni yule anayetengeneza kitu chenye sauti.

Unajua sisi watu wa mafriji tuna adui mmoja, naye ni sponji iliyozeeka. Inanyonya maji, inayatunza, na chuma kilicho karibu nayo kinaoza. Nikiikuta ndani ya mashine naing'oa hata kabla ya kumuuliza mwenye mali. Sasa nilipofungua kile kifuniko cha mwisho nikakuta ndani yake kimebandikwa kipande cha sponji, cheusi, kinamomonyoka kama keki iliyolala. Sikufikiri mara mbili. Nilikikwangua chote, nikakitupa, nikasugua chuma mpaka kikawa kama kioo, nikarudisha vifuniko mahali pake. Ukilitazama gitaa kwa nje, ni lilelile, limenawa uso tu.

Baba alilipakata, akachomeka waya kwenye spika, akapiga noti chache. Akaacha. Akapiga tena. Kisha akaligeuza nyuma na mbele, akalilaza juu ya kochi taratibu.

"Hili si langu," akasema.

Nilidhani ananitania. Nikamwonyesha ule mkwaruzo wa kugonga ukuta, mkanda alioushona mama, hata alama ya moto pembeni. Alikubali yote. Mkwaruzo unafanana, mkanda ni wake, alama ni ileile, lakini gitaa si lake. Hakupandisha sauti. Aliniomba kwa upole nilirudishe kwa mwenyewe, kwa sababu huenda mahali fulani kuna mtu anahangaika kulitafuta. Kaka, baba yetu na upole wapi na wapi? Angenifokea ningelala usingizi.

Siku zilizofuata aliniuliza kila asubuhi kama la watu nimelirudisha na lake nimelileta. Jirani akamwambia kwamba siku hizi kuna watu wanabadilisha vitu vya wazee bila haya. Hapo ndipo nilipokupigia simu, nawe ukasema ndivyo inavyoanza. Lakini kilichonivuruga ni kwamba kwingine kote alikuwa timamu. Anajua leo ni siku gani, anajua nani kafa na nani anajifanya mgonjwa, ananigombeza nikiacha bisibisi juu ya meza ya chakula. Nikawa najiuliza, mtu anaweza kupotewa na akili kwa kitu kimoja tu na nyingine ikabaki? Nikimtazama asubuhi nasema huyu mzima. Jioni nasema huyu ndiyo basi. Nilichoka kumpima baba yangu kama ninavyopima gesi.

Jumamosi akaja yule rafiki yake mpiga drams, mwenye kikohozi. Nikamvuta jikoni nikamweleza kwa sauti ya chini, na machozi yakinilenga. Alikwenda sebuleni, akalichukua gitaa, akagusa uzi mmoja, ukalia ukaendelea kulia, hautaki kunyamaza.

"Sponji mmeiweka wapi?" akaniuliza.

Alipoona nimeduwaa alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Akanieleza kwamba enzi zao hawakutaka besi iimbe, walitaka igonge, du, du, sauti fupi inayokaa chini ya drams na kuzisukuma. Ile sponji ilikuwa inaziegemea nyuzi kidogo ili zisivume, na kifuniko kazi yake nusu ilikuwa kuificha. Waliofungua vifuniko waliipoteza na mlio wao ukabadilika. Baba alilinunua gitaa likiwa hivyo na hakuwahi kuchungulia chini yake, ndiyo maana hakuweza kunieleza kilichokosekana. Alichojua ni kwamba sauti ile si ya gitaa lake, na alikuwa anasema kweli tupu.

Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nilitaka kucheza. Nilishika simu nikupigie nikuzomee. Nikasema hapana, ngoja kwanza nirekebishe, nikupigie huku unasikia besi kwa nyuma.

Juzi sikwenda kazini. Nikanunua sponji ya mito ya viti, nikakaa barazani na ovaroli yangu na kofia. Kipande cha kwanza kilikuwa kinene, nyuzi zikalia kama mtu anagonga meza. Nikakipunguza kwa wembe, nikajaribu, nikapunguza tena, mpaka uzi ukawa unasema neno lake na kunyamaza. Nikafunga kifuniko, nikampelekea.

Alipiga noti moja tu, uso ukafunguka. Akapiga wimbo mzima, macho kayafumba, mguu unagonga sakafu, na vidole ambavyo asubuhi vilishindwa kufunga kifungo cha shati vikaenda vyenyewe. Mimi nalia kama mtoto na sijali. Kichwani nilikuwa nimeshaitunga barua nyingine kabisa, fupi, ya kukwambia usije, mzee wetu ni mzima kuliko sisi.

Alipomaliza akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ahsante sana, fundi," akasema. "Nina binti yangu naye ni fundi, wa mafriji. Tunamwita Kibiriti. Akirudi jioni nitamwonyesha kazi yako."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliniuliza kama nimekunywa maji, akanisindikiza hadi getini, akaniambia nisalimie nyumbani. Nami kaka, sijui kwa nini, nilitoka. Nilitoka kwenye nyumba yetu wenyewe nikatembea mtaani na kofia yangu, nikakaa kwenye benchi la dukani mpaka jua likapoa. Nilijiambia ni kofia. Nilijiambia ni jua la barazani lililomwingia machoni.

Jioni nikarudi kwa geti lilelile. "Kibiriti, umechelewa wapi?" akaniuliza, kisha akaniketisha na kunipigia gitaa. Akanieleza kwamba alikuja fundi mmoja mtulivu, hana haraka, anasikiliza kabla hajagusa, na kwamba mimi nina mengi ya kujifunza kwake. Nikamsifu yule fundi. Ningefanya nini? Na utanicheka, lakini nilimwonea wivu.

Kwa hiyo jibu lako sina. Kwa habari ya gitaa, baba alikuwa na akili zake na sisi wote ndio tuliopotea. Kwa habari yangu, mchana hakunijua na jioni alinijua, na mimi ni yuleyule. Kama ni ndiyo, mbona ni siyo? Naogopa, kaka. Njoo, lakini usije na begi la kumchukulia nguo zake. Njoo ukae. Na ukifika akakupokea kama mgeni, usimsahihishe. Kaa kwenye kiti umwache akusimulie habari za mwanawe wa kiume. Anamsifu sana, wewe tu ndiye hujawahi kusikia.

Mkumbatie wifi kwa ajili yangu, na watoto waambie shangazi yao amewakumbuka kila mmoja kwa jina. Baba anawasalimu nyote. Nimemuuliza mwenyewe na amesema hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Kibiriti