Mama, Nyumba ya Tembe Isibomolewe

Norwei, mwezi wa nane

Mama yangu mpendwa, shikamoo. Mguu unaendeleaje, na yule ndama aliyekataa kunyonya amepona? Mimi ni mzima kabisa, ila samaki wa huku nimewala mpaka nahisi nitaota magamba. Paulina, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali, hata pale ninapojisema vibaya.

Uliuliza ninasomea nini hasa, na Kaka Margwe akakujibu kwamba nasomea mifupa. Si hivyo. Tunataka kujua wakulima na wafugaji wa kale wa nchi hii waliibadilishaje ardhi yao, na ardhi nayo ikawabadilishaje wao. Ili tuyajue hayo, kiangazi chote tumepiga magoti kwenye shamba la mtu, mvua ikitunyeshea, tukikwangua udongo kwa mwiko wa mwashi. Siku ya kwanza waliniuliza kama najua kushika jembe. Nikawaambia mimi ni mtoto wa mkulima, kutoka kijiji cha Buger. Tangu hapo mashimo yote makubwa yakawa yangu.

Tulikuwa tunafukua nyumba moja ndefu. Watu walikaa upande mmoja, ng'ombe upande wa pili, wote chini ya paa moja la udongo na majani. Upande wa ng'ombe tukakuta majivu, tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama chapati. Profesa wetu, mama mmoja wa makamo asiyependa mchezo, akasema nyumba iliungua mara nyingi, na wenzangu wakaandika hivyo. Mimi nikacheka kabla sijajizuia. Akaniuliza kinachonichekesha ni nini. Nikamweleza kwamba sijaona nguzo hata moja iliyoungua, na kwamba kwetu Mama huchota majivu jikoni kila asubuhi, akayamwaga walipolala ng'ombe ili yanyonye mkojo na kufukuza viroboto. Nikajua nimekwisha. Kisha akashuka shimoni mwenyewe, akainama pale kama anayetafuta sindano, na alipoinuka akawaambia wenzangu wafute walichoandika.

Kesho yake majivu yalipimwa. Ya chini yalikuwa ya kuni. Ya juu yalikuwa ya udongo mweusi wa bwawani, ambao huku hukatwa, hukaushwa na kuchomwa badala ya kuni. Maana yake watu wale walikata miti wapate malisho, kondoo wakala miche, na wajukuu wakakosa kuni. Nilikukumbuka wewe, Mama. Nilipokuwa mdogo uliokota kuni nyuma ya nyumba, na sasa Paulina anaandika kwamba mnatoka asubuhi na kurudi mchana. Mwambieni Margwe asiiguse ile miti ya kwenye chemchemi.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Profesa aliniomba nimchoree nyumba yetu. Nilichora ilivyochimbwa ubavuni mwa kilima, na paa lake la udongo ambalo mbuzi hupanda wakidhani ni malisho. Kufika ndani, penseli ikagoma. Ndama hufungwa upande gani wa jiko? Ukilala kitandani kwako, mlango uko kulia au kushoto? Nimezaliwa humo, na sikujua. Niliona aibu kubwa, Mama.

Tena nikakumbuka nilivyokuwa sekondari, Arusha. Rafiki zangu walipotaka kuja kwetu wakati wa likizo, niliwaambia mto umebeba daraja. Hapakuwa na daraja. Nilikuwa naionea haya nyumba yako. Na katika barua iliyopita, Margwe aliponiomba nikushawishi uhame, nilikuandikia kwamba nyumba ile inatuaibisha na ibomolewe. Neno hilo nalifuta. Naomba unisamehe.

Margwe simlaumu. Najua amesubiri kibali cha kununua bati mpaka kakonda, na nyumba ya bati ni haki yake. Ajenge pale chini penye mbaazi, ni tambarare na hatahangaika kusawazisha. Ya tembe aiache hapo ilipo. Huku wanazitafuta nyumba za namna hiyo kwa kupiga magoti kwenye matope, na yetu bado ina moshi. Profesa aliniuliza ni ya nani. Nikamjibu, "Ni ya mama yangu. Analala humo mpaka leo."

Msalimie sana shemeji, mke wa Margwe, na watoto wake. Umsalimie mjomba wa Mbulu akija mnadani, na katekista aliyenifundisha kusoma. Paulina, nakuletea kalamu ya wino, usimwambie mtu.

Mama, barua hii itachukua wiki tatu njiani, na Margwe alisema ataanza wakishavuna. Kama bado hajaanza, mpe aisome mwenyewe. Kama ameshabomoa, usiniandikie kwamba haidhuru ili kunituliza. Kaa na Paulina, umtajie kila kitu kilikaa wapi: jiko, ndama, kitanda chako, na mahali uliponilaza siku niliyozaliwa. Ndani ya ule mchoro wangu sitachora kitu mpaka nisikie kutoka kwako.

Mwanao aliyekukosea na anayekupenda,
Boay