Mwajiri Wangu kwenye Fomu ya Bima

Jumanne, jioni

Benki wamerudisha! Pesa yote ya bima waliyonikata kwenye mkopo imeingia kwa simu, na bado nacheka.

Asubuhi nilienda kuwadai. Niliogopa wataniambia sahihi kwenye fomu ni yangu, nirudi zangu kuuza nduma. Lakini wenzangu wa chama walifunga vibanda vyao hapa soko la Karatina wakanisindikiza, wote wanne, na wakakataa kuketi.

Nikamuuliza meneja, "Hii bima inanisaidia na nini?"

"Inalipa mkopo mwajiri wako akikufuta kazi, mama."

"Nani atanifuta na kibanda ni yangu?"

Akafungua fomu. Mahali pa mwajiri, karani wao wa mikopo alikuwa ameandika vile nilivyomjibu siku ile: Mungu.

Wambui, yule wa kabeji, akaangua kicheko. "Ati mlikuwa mnangoja Mungu amfute kazi?" Meneja mwenyewe akashindwa kujizuia. Akaomba msamaha, akapiga muhuri nirudishiwe.

Kinachoniudhi ni huyo karani. Aliandika bila hata kunieleza... Basi, yaishe.

Jumapili nitampelekea mwajiri wangu fungu lake la kumi.