Picha za Mwamba Uliofungwa

Jumatatu, 8 Septemba
Nimekwangua magamba kwenye kipima joto cha bahari, nimebadilisha betri, nimekirudisha majini. Kamera ya utafiti tuliyoifunga kwenye mwamba miezi mitatu iliyopita haipo. Kamba imekatika. Jumamosi wavuvi wa Kunduchi wanaamua kama mwamba, uliofungwa ili samaki wazaliane, ufunguliwe tena kwa nyavu. Mie ndiye niliyewaahidi ushahidi kwamba samaki wanarudi.

Jumanne, 9 Septemba
Nimezamia mara mbili. Mchanga tu. Shomari, nahodha wetu, kanifariji njia nzima. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 11 Septemba
Bi Zuhura, muuza samaki, kanikuta mnadani. Nikamwamkia.
"Marahaba. Mwaka mzima mmetufungia mwamba, mwanangu. Samaki wako wapi? Wajukuu zangu watakula kompyuta?"
Nimemchukia siku nzima. Ana haki, ndiyo maana.

Ijumaa, 12 Septemba
NIMEIPATA! Shomari alikisia mkondo umeisukuma kusini, tukahamia huko. Ilikuwa imekwama chini ya jiwe, imejaa mwani. Kioo kizima. Nilipiga kelele humo humo chini, nikameza maji ya chumvi.

Jioni, nyumbani Tegeta. Kadi ya kamera imefunguka. Kumbe kamba ilikatika wiki iliyopita tu; kabla ya hapo kila kitu kimo. Nimelia jikoni, sufuria ikaungua.

Jumamosi, 13 Septemba
Ukumbi wa mnada ulifurika. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima. Picha za mwanzo: mawe na visamaki viwili. Watu wakaguna. Za mwezi wa pili majini: samaki aina ya changu na kangu, kisha tasi kundi zima. Watu wakasogea mbele. Mwishoni chewa mkubwa akaja taratibu, akaleta mdomo mpaka kwenye kioo cha kamera. Ukumbi ukalipuka. Wazee walikuwa wamesimama juu ya viti!
Bi Zuhura akapaza sauti kuliko wote: "Chewa wa hivyo sijamwona tangu nilipoolewa! Asiguswe! Mwacheni azae!"
Mikono ikapanda, safu hadi safu. Mwamba unabaki umefungwa mwaka mwingine.
Tumeshinda. Naandika tena nilione vizuri: tumeshinda.

Jumatatu, 15 Septemba
Kamera imerudi mwambani, safari hii kwa mnyororo. Bi Zuhura aliomba kuja. Hajui kuogelea. Kakaa ukingoni mwa boti, kashika kamba yangu ya usalama kwa mikono miwili muda wote niliokuwa chini. Nilipoibuka akanishika mkono nipande botini. Kanipa taulo. Maji yalikuwa maangavu mpaka chini.