Nimelipwa Nikae Nyumbani

Utende, Mafia

Mama Rehema, mke wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mwanetu, na kile kikohozi kiwe kimekuachia. Mimi ni mzima, Alhamdulillahi, isipokuwa kidole gumba kilichobanwa na mashine mwezi jana, na hata hicho kishaanza kuota kucha mpya. Nimesikia cherehani yako imekatika mkanda. Usinunue, nitakuja nao. Naam, nakuja, na namna nilivyopata kuja ndiyo habari yenyewe, lakini kwanza nikujibu ulichoniuliza.

Kaka yako Athmani amenipigia simu mara mbili. Hoteli anayofanyia kazi hapo Malindi inatafuta fundi wa mashine za boti, na anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Nawe ukaniambia nikuandikie mishahara na saa za kazi, za huku na za huko, tupime kwa utulivu badala ya kupigiana kelele kwenye simu inayokatika. Haya.

Kwa mshahara, Kenya imeshinda, sitakudanganya. Kima cha chini cha huko kinazidi cha Tanzania, na kazi aliyonitajia Athmani inazidi ninayopata hapa kwa karibu theluthi. Sukari na sabuni huku ni ghali, maana kila kitu kinavushwa kutoka bara. Samaki ndio rahisi, na kodi ya chumba changu nikikutajia utacheka.

Kwa saa, Tanzania imeshinda. Sheria ya huku ni saa arubaini na tano kwa wiki, na karatasi yake imebandikwa ofisini kila mtu aione. Kwenye mahoteli ya huko ni hamsini na mbili, na wewe ni shahidi nilivyokuwa nikizipita. Natoka Rehema amelala, narudi amelala, na wageni wakiwa wengi Jumapili nayo inaliwa. Hapa zamu inafuata maji. Yakipwa, boti zinakaa mchangani na mimi nafungua mashine. Yakijaa zinaondoka na wageni wao wa kuzamia, nami saa zangu zikitimia natumwa nyumbani. Mwanzo nilidhani wananifukuza. Nilizoea kuwa fundi anayeondoka mapema ni mvivu.

Sasa sikiliza kituko nilichokifanya. Mvua za masika zilipoanza, wageni wakaisha, na Mama Neema, karani wetu wa ofisi, mtu wa Iringa, akaniita. Akanisogezea fomu. "Fundi, weka sahihi hapa. Kesho kutwa unaanza likizo."

Salama mke wangu, wewe unajua neno hilo kwetu lina maana gani. Mimi nimekuwa kibarua wa msimu miaka yote. Mvua zikianza tunaambiwa "nendeni likizo", maana yake kaa kwako bila senti mpaka tukuite, na mara mbili sikuitwa tena. Nikaweka sahihi bila kusoma, nikamshukuru, nikatoka. Nilifua ovaroli, nikahesabu spana moja moja nikazirudisha stoo, kisha nikakaa nyuma ya tangi la maji nikalia. Nilikuwa nawaza nitakavyoingia kwenu mikono mitupu na kupokea kazi ya Athmani kwa kuwa sina pengine pa kwenda.

Jioni ile nikamwambia Bi Mwanakombo, mwenye nyumba wangu, yule mkulima wa mwani niliyekusimulia. Ndilo lilikuwa kosa langu la pili. Kesho yake baada ya Alasiri uwanja wake ulijaa watu. Wavuvi niliowatengenezea mashine zao siku za mapumziko walikuja na pweza na nazi. Askari mmoja wa hifadhi ya bahari, anayekagua boti zetu na asiyecheka na mtu, alileta kilo mbili za mchele, akaziweka chini, akasimama pembeni kama kaletwa kwa nguvu. Bi Mwanakombo akanipa mkeka mpya aliousuka mwenyewe, mpana, wa rangi tatu. Karibu mwaka mmoja nimekaa hapa. Sikujua kama watu wameniweka moyoni kiasi hicho, na ile pilipili ya pweza ilinisitiri, nikasingizia ndiyo inayonitoa machozi.

Tukiwa tunakula, akafika Mama Neema na bahasha mkononi.

"Shughuli ya nini hii?"

"Ya kuniaga, mama."

"Kwani unakwenda wapi?"

"Si mmenisimamisha kazi?"

Alinitazama, akawatazama watu, akacheka mpaka akaketi juu ya mkeka wangu. "Fundi wewe! Likizo! Siku ishirini na nane, na mshahara wako unatembea. Hela zako hizi hapa. Ukimaliza unarudi, ovaroli yako nimeitundika palepale."

Nikamwuliza, "Nalipwa nikae nyumbani?"

"Ndiyo sheria. Hata kwenu Kenya sheria ya likizo ipo, ila wewe hukuwahi kuandikwa kazi."

Kicheko kilichopigwa pale hukijui. Hata askari wa hifadhi alicheka. Nikataka kurudisha mkeka, Bi Mwanakombo akanikemea. "Haurudi huo! Mpelekee mkeo. Nimeusuka wa watu watatu, nimechoka kukuona unalala peke yako."

Kwa hiyo nakuja, mke wangu, na namshukuru Mungu, nawashukuru na watu hawa. Namshukuru Athmani pia, maana anahangaika kwa ajili yetu. Lakini nimekaa nikapiga hesabu nyingine asiyoijua yeye. Nilipokuwa Malindi, nikilala humo humo ndani, sikuwahi kukaa na Rehema siku nne mfululizo akiwa macho. Sasa nimepewa ishirini na nane.

Ninachotaka nakwambia wazi, nisikufiche. Nataka nirudi Utende, na turudi watatu. Kibali changu bado kina mwaka, chumba cha pili kwa Bi Mwanakombo kiko wazi, na hapa hakuna fundi cherehani anayejua kushona gauni likamkaa mtu. Theluthi ya mshahara tutaikosa, hilo ni kweli. Ila mama yako yuko huko, na kazi yako iko huko, kwa hiyo sitamjibu Athmani mpaka nifike na uniambie wewe kwa kinywa chako. Ukikataa nitaichukua kazi ya Malindi, na sitanuna.

Mwambie mama yangu namwamkia shikamoo, na mama mkwe vilevile. Nisalimie mwalimu wa chuoni anayemfundisha Rehema Kurani, na jirani yetu muuza mahamri, aniwekee mawili.

Mara ya mwisho nilipokuja, Rehema alikuuliza mbele yangu, "Mama, huyu mgeni atalala wapi?" Sikukwambia nilivyoumia. Akiuliza tena, mtandikie mkeka, alale katikati yetu.

Mumeo,
Kassim