Karisimbi imerudi upande wake

Goma, Jumanne mangaribi

Nimeshinda! Papa alikuwa na haki juu ya milima, lakini nyumba ni yetu.

Wiki mbili ananirudilia: "Neema, hapa si kwetu. Tangu lini Karisimbi iko kushoto ya Nyiragongo? Tupa hiyo diapo, hiyo filamu ya picha." Mama hana hata picha moja ya nyumba yetu ile iliyomezwa na lava. Alirudi tu jikoni. Hiyo njo iliniuma.

Leo nikipangusa ile filamu ndogo ndani ya fremu yake ya kartoni, nikaona upande mmoja unang'aa, mwingine umefifia. Kumbe niliilaza kinyume kwenye skaneri! Mutu muzima, na kiburi chote hiki...

Nikaigeuza. Nikapunguza ule wekundu wa uzee. Karisimbi ikahamia kuume, na mulango ukatoka bluu.

Niliwaita wote wawili. Mama akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, chini kando ya mulango, akatazama sana, kisha akamugeukia Papa kwa hasira kabisa:

"Papa Neema, sufuria yangu umeiacha tena inje!"

Papa akavua miwani, akapangusa macho.

"Naiingiza sasa hivi, mama."