Mkwe Wangu Anasema Gari Linalia kwa Uzito Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaitwa mzigo mpaka kaburini. Anayeniandikia ni jirani yangu fundi cherehani, mimi shule niliionea dirishani, nimemwambia aandike ninavyosema, asinipunguze kama anavyopunguza vitambaa vya watu.

Nina binti, mimba yake imefika mlangoni, na mumewe ana gari analolipenda kuliko mimi, na hapo simlaumu. Sasa hilo gari asubuhi likiwashwa linapiga ukelele kama panya aliyebanwa na mlango, likipata moto linanyamaza, linabaki kugonga huko mbele kama mawe ndani ya kopo, na mkwe akasema, kwa adabu zote, "Mama, nadhani ni uzito wako," basi nikahamishiwa kiti cha nyuma, likalia, nikateremshwa mlimani nipande kwa miguu na viatu vyangu vya harusi, ambavyo hata harusini vilinibana, gari likapanda linalia bila mimi, nikamuuliza, baba, na hapo? Akasema limeshazoea.

Anafungua boneti anaupaka mkanda wa injini sabuni ya kufulia, linatulia kidogo, linarudi na hasira. Taa nyekundu ya betri ikaanza kukonyeza, akaibandika plasta. Juzi kwenye kona usukani ukawa mgumu, akapigana nao kama anakamua blanketi. Na hilo ndilo atakalompelekea mwanangu kujifungua. Nikisema, naambiwa naingilia nyumba ya watu, na binti naye ananishauri nipunguze kula usiku. Nifanye nini, niufunge mdomo nisile, au niufungue niseme?

Mama Mkwe Mzito

*

Mama, pole kwa mlima, na pole zaidi kwa viatu. Lakini na wewe nakulaumu. Gari limepanda linalia bila wewe, unaambiwa limezoea, unarudi kuketi?

Dalili zote zinaelekeza kwenye puli ya tenshena, kile kigurudumu kinachoubana mkanda usilegee. Beringi yake ikichoka, puli inayumba na kugonga, mkanda unateleza na kupiga ukelele. Magari mengi mkanda huohuo unazungusha alteneta inayochaji betri na pampu ya usukani, ndiyo maana taa inakonyeza na usukani unagoma. Mengine unazungusha na pampu ya maji yanayopoza injini. Ukikatika, injini inachemka njiani, na mtoto hasubiri fundi. Sabuni ni ya nguo, plasta ni ya kidonda.

Mwambie mkweo awashe gari asubuhi wewe ukiwa jikoni, asikilize. Kisha alipeleke gereji. Fundi azime injini, atoe mkanda, azungushe puli kwa mkono: ikikwaruza au ikicheza, ibadilishwe, pamoja na huo mkanda uliooga sabuni. Yeye asitie mkono injini ikiunguruma, mtoto anahitaji baba mwenye vidole.

Mpaka hapo binti hapandi hilo gari, tafuteni teksi mapema. Wakisema unaingilia, ingilia.

Likishapona, kaa kiti cha mbele, umeshiba. Kelele inayoruhusiwa humo ni ya mtoto, wakati wa kurudi.